Ganzi ya Bi Mkubwa

4 Machi

Muuguzi ameniambia niwe naandika kila siku: amekula nini, amelala vipi, mkono umesogea au haukusogea. Nimemwambia mimi ni fundi cherehani, ninachoandika ni vipimo vya viuno na mabega ya watu. Akasema, "Basi mama, mpime na mzee." Haya, nampima.

Amekula uji nusu bakuli na yai moja, mkate ameukataa. Mkono wa kulia upo palepale ulipoachwa na kiharusi mwaka jana, juu ya paja. Mdomo umeenda upande. Kuonja hakuna. Mtu aliyepika hotelini maisha yake yote, aliyekuwa akigusa mchuzi kwa ncha ya kijiko akakwambia chumvi imetiwa mapema mno, leo ukimpa uji wa chumvi na uji wa sukari anakula vyote kwa uso uleule.

Mchana ameomba jani lake. Nimemchumia. Amelitafuna polepole kwa upande wa meno unaofanya kazi, akafumba macho, akasubiri.

"Bado," amesema. Kila siku ni bado.

5 Machi

Nieleze habari ya hilo jani, maana muuguzi akisoma atadhani nampa mume wangu dawa za mitaani. Linaitwa taragoni. Taragoni ya Kifaransa, yeye husisitiza, na ukisema taragoni peke yake anakurekebisha. Ni kichaka cha kufika magotini, majani membamba, laini, yana harufu inayokaribia shamari. Ukitafuna, ncha ya ulimi inakufa ganzi kidogo, halafu utamu unakuja nyuma yake. Ganzi hiyo ndiyo alama ya jani la kweli. Siku zote kabla hajalipeleka jikoni alikuwa akilitafuna kwanza, na ganzi ikimpata anasema, "Imeshika," ndipo anachuma.

Alipewa kipande na mpishi aliyemfundisha kazi, kimefungwa kwenye kitambaa kibichi, kabla hajanioa. Kwa hiyo siku naingia nyumba hii nilimkuta mwenzangu uani ameshatangulia. Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyeanza kumwita Bi Mkubwa. "Wifi, umemsalimia Bi Mkubwa?" Na mimi bi mdogo, na cherehani yangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nachukia. Mtu anarudi kazini, kabla hajaniuliza nimeshindaje, anapitia uani.

Sasa mume wangu ameshika moja: siku ganzi ya jani itakaporudi kwenye ulimi, na mengine yatafuata. Daktari hakusema hivyo. Daktari alisema inaweza kurudi, inaweza isirudi, akaangalia saa yake. Lakini hakuna mtu anayeamka asubuhi kwa ajili ya "inaweza isirudi". Mume wangu anaamka kwa ajili ya jani. Kwa hiyo Bi Mkubwa lazima aishi. Nimeliandika hapa ili nisijisahau siku nikimkasirikia.

9 Machi

Mvua za kwanza. Nguo za watu zimelowana kwenye kamba.

12 Machi

Bi Mkubwa ana kipara. Katikati pamekauka, majani yamebaki pembeni tu, sawasawa na kichwa cha mume wake. Mume wangu anasema ni kwa sababu ya mwaka jana. Kila baada ya misimu kadhaa humng'oa na kumgawa, na mwaka jana ilikuwa zamu yake, kiharusi kikatangulia.

"Huyu hana mbegu," alisema. Anaongea taratibu siku hizi, maneno yanamtoka yamelowa. "Akitoa maua ni pambo tu. Usipomgawa anazeeka, anakufa."

Wifi alikuwepo. "Mmea gani hauzai," alianza, halafu akanitazama, akameza maneno. Sisi hatukujaliwa watoto.

"Malizia tu wifi," nikamwambia. "Wake wote wa nyumba hii ni wa namna moja." Tukacheka wote watatu, yeye kwa nusu ya mdomo.

Nilimkalisha uani, wifi amemshikia mwavuli, mimi nimepiga magoti kwenye tope. Miaka yote hiyo hajawahi kuniruhusu nimguse Bi Mkubwa zaidi ya kuchuma. Nikachukua kisu.

"Weka kisu. Vidole."

Mizizi ilikuwa imesokotana kama uzi chini ya cherehani iliyogoma. Nikawa nafumua. "Ule mweupe ni mzima," alisema, "ukiuvunja unalia. Wa kahawia unaoteleza, tupa." Mingi ilikuwa ya kahawia. Tumepata vipande vitatu vya kueleweka. Akanielekeza mchanga wa kujengea, kokoto ndogo, tofali lililopondwa, na udongo kidogo tu, kwenye makopo yaliyotobolewa chini. Halafu akanikazia macho.

"Na usimwagilie. Mvua zikianza, unyevu wa hewani unamtosha. Ukimwagilia umemuua."

"Nimesikia."

"Rudia."

Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza: nisimwagilie. Akaridhika. Siku nzuri leo. Tangu augue sijamwona akigomba vizuri namna hii.

13 Machi

Amekula supu yote. Jani: bado.

17 Machi

Mvua tangu jana haijapumua. Nimemjengea Bi Mkubwa kibanda: miti minne, na juu nailoni inayokuja na majora ya vitambaa. Pindo nimelipiga kwa cherehani, sindano ikavunjika. Makopo yote matatu yako chini yake, juu ya matofali, maji yapite chini yaende zake.

Wifi amekuja kukagua. "Bi Mkubwa amejengewa, bi mdogo bado bati linamvujia." Ni kweli. Beseni liko chumbani, karibu na kitanda.

21 Machi

Kopo moja limelala. Asubuhi shina lilikuwa limeinama, jioni limelala kabisa. Nimefukua. Mzizi umeoza, unanuka kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahaulika kwenye ndoo. Nailoni haina tundu hata moja, nimeipapasa yote. Udongo ulikuwa chapachapa.

Nimemweleza mume wangu. Amefikiri sana. "Ongeza mchanga," amesema.

22 Machi

Nimeongeza mchanga. Bado.

26 Machi

Kopo la pili. Nimekaa juu ya ndoo nikalia, na mimi si mtu wa kulilia mboga. Nimefunika, nimeinua, nimetoboa matundu zaidi, mchanga sasa umezidi udongo, na maji yanatoka wapi sijui. Kama yanapanda kutoka ardhini, basi yananipandia mimi peke yangu.

Ameniita nimpelekee shina lililobaki zima alione. Akanielekeza nikate vipandikizi: vichwa vya machipukizi, urefu wa kidole, nikate chini kidogo ya pingili, majani ya chini niyanyofoe, nichomeke kwenye mchanga mtupu, nifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Kivulini, pasipo jua. Nimeviweka chini ya nailoni pamoja na kopo la mwisho. Ameyasema yote bila kusita, kwa mpangilio, kama anafundisha jikoni. Mwili umemwangusha lakini kichwa kiko sawa. Muuguzi, kama unasoma, andika hilo: kichwa kiko sawa.

30 Machi

Vipandikizi vimekuwa vyeusi kwa chini. Vyote. Chupa zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa kando, nikasema ni paka.

2 Aprili

Nimekwenda hotelini kwa Upawa. Huyu alijifunza kazi kwa mume wangu, sasa ndiye mpishi mkuu. Jina hilo alipewa na mume wangu kwa sababu alikuwa haweki upawa chini hata anapokwenda chooni. Miaka ile alipewa kipande cha Bi Mkubwa akaotesha kwake. Nikasema, mtoto wa Bi Mkubwa akirudi nyumbani tumepona.

Nilimkuta kwenye mvuke, amenenepa. "Shikamoo mama. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nimekuja kuomba taragoni. Yetu inakufa."

Akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. "Ile ilikufa mama. Msimu wa kwanza tu. Niliona aibu kumwambia. Nikanunua mbegu."

"Taragoni haina mbegu."

"Hiyo inayo."

Akanipeleka nje ya mlango wa jiko. Kuna kichaka kinanifika kifuani, majani mapana, rangi imepauka. Kina afya ya kukera. Nikachuma jani nikatafuna. Nyasi. Nikatafuna la pili kwa upande mwingine wa mdomo, nikidhani kosa ni langu. Nyasi vilevile, ganzi hakuna.

"Na wateja?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza, mama. Mzee peke yake ndiye angejua."

Akanilazimisha nichukue chungu kimoja, akanibebea mpaka nje. "Hiki hakifi," alisema. "Umwagilie, usimwagilie, hakifi." Nimerudi nacho kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kubishana. Nimekificha nyuma ya tangi. Mume wangu akikiona uani kwake atapata kiharusi cha pili.

5 Aprili

Leo niandike, hata kama mkono hautaki.

Nimeamka mapema kuliko kawaida kwa sababu beseni lilijaa, likaanza kumwagika sakafuni. Upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu. Hilo halikunishtua. Huwa anaamka kabla yangu, anajikokota na fimbo mpaka chooni, na mimi namwacha, maana muuguzi alisema aachwe ajifanyie. Nikabeba beseni nikamwage uani. Nikafungua mlango.

Alikuwa amesimama chini ya nailoni. Fimbo ameiegemeza kwenye tofali. Mkono wa kushoto ameshika kikopo chake cha chai, na anamwagilia kopo la mwisho. Anamwagilia kwa ustadi, anazungusha maji pembeni ya shina yasiguse majani. Anasubiri yazame, anainama kwenye ndoo, anachota tena. Na anaongea naye. "Kunywa mama. Kunywa." Mvua inapiga juu ya nailoni, yeye haisikii, wala Bi Mkubwa.

Nilisimama na beseni langu. Sikuwa naliwazia kopo tena. Nilikuwa nawaza yule aliyeniambia "Rudia". Yule ni huyu huyu. Siku zote hizi nimekuwa nikipigana na mvua, nikishona nailoni, nikitafuta tundu, na kila mchana nakwenda kumuuliza yeye maji yanatoka wapi, naye anafikiri kwa dhati ya moyo wake na kuniambia niongeze mchanga. Hakuwa ananidanganya. Alikuwa hajui. Kiharusi hakikuishia kwenye mkono na ulimi, kimeingia mpaka ndani na kinachukua vitu kimoja kimoja, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikusikia.

Akageuka akaniona. Akafurahi. "Nimemwagilia," alisema. "Alikuwa amekauka."

"Umefanya vizuri," nikamwambia.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu alikuwa amesimama. Tangu mwaka jana sijamwona amesimama mahali anafanya kazi.

Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 26, pale nilipomwandikia muuguzi kuhusu kichwa chake. Nimeshika kalamu nifute. Nimeacha.

6 Aprili

Nimeficha kikopo na ndoo. Ametafuta asubuhi nzima, chini ya kitanda, jikoni, mpaka kwenye kikapu changu cha vitambaa. Mchana amekataa chakula, amekataa hata jani. "Nina kazi," alikuwa akirudia. "Nina kazi na hamnipi vyombo." Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja. Nimevirudisha.

7 Aprili

Wifi haogopi mtu. Amekaa mbele yake akamwambia wazi, "Kaka, unamuua Bi Mkubwa kwa maji. Kila asubuhi unamwagilia."

Akamtazama kama mtu asiye na akili. "Nani anamwagilia taragoni wakati wa mvua? Si niliwaambia, ukimwagilia umemuua?"

Wifi akanigeukia ameshinda. "Umeona? Anajua. Ataacha."

8 Aprili

Amemwagilia.

9 Aprili

Nimefukua kopo la mwisho akiwa amelala mchana. Kimebaki kipande kimoja cha mzizi mweupe, urefu wa sindano ya kushonea magunia, chenye jicho moja. Nimekiosha, nimekata palipooza kwa wembe, nimekipaka majivu, nimekipanda kwenye kopo la mchanga na kuliweka juu ya kabati katika chumba cha cherehani, karibu na dirisha, ambako hafiki.

Halafu nikaenda nyuma ya tangi. Nimegawa kile chungu cha Upawa, nimepanda kipande chini ya nailoni, kwenye kopo lilelile. Nimekipunguza urefu, nimenyofoa majani makubwa. Lakini mwenye macho ataona. Mume wangu alikuwa akitambua taragoni ya uongo akiwa upande wa pili wa soko.

10 Aprili

Nilisimama mlangoni kabla yake. Nilikuwa namwomba Mungu mume wangu anigombeze. Aseme nani ameleta gugu hili uani kwangu, atupe fimbo, anitukane mimi na ukoo wangu wote, nami nimwambie samahani bwana, umenikamata.

Alimwagilia. Akagusa jani kwa kidole. "Leo amependeza," alisema.

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mguu wa suruali juu ya mguu mwenzake. Nimefumua. Mchana nimempa jani la uongo, sina lingine. Bado.

14 Aprili

Wifi: "Unamdanganya kaka yangu."

Mimi: "Ndiyo."

Ameuliza kama kuna chai.

22 Aprili

Hakuna kitu juu ya kabati. Simwagilii, sifukui, sigusi. Nakwenda kutazama mchanga, narudi. Mume wangu uani anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, kwa mkono mmoja, na ana kazi. Mimi nina mikono miwili mizima na sina la kuifanyia. Muuguzi amekuja, amempima, amesema tusubiri. Na wewe pia unaniambia nisubiri, nikasema moyoni.

Juzi aliniita kwa jina la dada yake. Jana hakulifunga shati, alivishika tu vifungo na kuvitazama. Nimemfunga nikiongea habari za bei ya uzi, ili asione kwamba nimeona.

29 Aprili

Kuna ncha ya kijani mchangani. Imetoka pembeni, si pale nilipokuwa nikitazama.

30 Aprili

Ipo. Sikuota.

3 Mei

Bi Mkubwa ana majani. Madogo, membamba. Nimemsalimia, nilikuwa peke yangu chumbani na sikuona aibu. Nimemwambia avute subira, akiwa na majani ya kutosha nitamchumia mume wetu moja. Moja tu, la kweli. Labda miezi yote hii tatizo lilikuwa mmea ulioanza kuzeeka, labda jani changa lina nguvu zaidi. Labda ulimi unasubiri hilo. Najua nasema nini. Nimekuwa kama yeye.

8 Mei

Mvua imepungua. Amekula vizuri. Bado.

11 Mei

Leo nilichuma. Nilipanda juu ya stuli, nikachagua jani la pembeni ambalo Bi Mkubwa hatalilia sana, nikalishika kati ya vidole viwili kama kitu cha kuazima. Nikaenda uani. Kuna jua kidogo, amekaa kwenye kiti chake, wifi yuko karibu naye anachambua mchele.

Wifi alikuwa ameshampa jani. La uani, kutoka kopo analomwagilia. Alikuwa anatafuna, macho ameyafumba. Nikasimama nisubiri aseme bado, nimpe langu.

Hakusema. Uso ukabadilika. Upande ule unaosogea ukaanza kutetemeka.

"Imeshika," alisema.

Wifi akaacha ungo. "Nini kaka?"

"Ganzi. Hapa, kwenye ncha. Imeshika." Akanitafuta kwa macho, akaniona. "Mke wangu. Imeshika."

Wifi alimkumbatia, mchele ukamwagika wote, akawa analia na kucheka, akanitazama nami nicheke. Kwenye sahani lilikuwa limebaki jani moja kutoka kikonyo kilekile. Nikaliokota nikatafuna. Nyasi.

Sikujua ni kipi kimetokea. Labda ulimi wake umeamka na umesikia kitu chochote, baada ya kutosikia kitu mwaka mzima, akakiita kwa jina alilonalo. Labda kichwa ndicho kimemletea ganzi, kama kilivyomletea ukavu kwenye mvua. Labda amechoka kuniona nasimama mbele yake kila mchana nikisubiri, akaamua kunipa. Hilo la mwisho ndilo linaniuma, kwa sababu angekuwa mzima ndilo angelifanya.

Na mimi nina jani la kweli mkononi. Nikimpa asisikie kitu, nimemnyang'anya. Nikimpa akasikia, atajua kwamba ile ya kwanza haikuwa kitu, na kwamba kopo analohudumia kila asubuhi ni gugu. Nimesimama pale jua linanipiga utosini, nikalifikiria jani lile kuliko nilivyowahi kufikiria kitu chochote, na hapakuwa na mahali pa kulipeleka.

Nikalitia mdomoni mwangu.

Lilinishika mara moja. Ncha ya ulimi ikafa, halafu ubavu wake, halafu utamu ukaja nyuma, uleule wa siku ya kwanza aliponionjesha, mimi bibi harusi, nikautema.

"Unasikia?" aliniuliza. Alikuwa amenishika mkono kwa mkono wake mzima.

"Nasikia," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito, na neno likanitoka limelowa, kama yanavyomtoka yeye.

13 Mei

Mvua zimekatika. Bi Mkubwa juu ya kabati ana chipukizi la pili. Asubuhi mzee alikwenda uani akakuta ndoo tupu, akasimama akiitazama. Nimemjazia.